Mnyama Asiyeandikwa: Mpangaji, Mwenye Nyumba na Desturi ya Hodi

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya wenye nyumba, wapangaji na mawakala wa nyumba

 

Nieleze kwanza nasimama hapa nikiwa nani. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa wakala wa nyumba katika mji huu. Nimekusanya kodi Majengo na Tudor, nimekagua vyumba Changamwe na Bamburi, nimebeba mashada ya funguo mpaka mifuko ya suruali ikatoboka. Kabla ya kazi hiyo nilikuwa mpangaji kwa muda mrefu. Siku hizi nina nyumba yangu ya vyumba vinne, na watu wanapanga kwangu. Mlango ule ule nimeugonga nikiwa nje, na nimeshtushwa nao nikiwa ndani.

Kusudi la mhadhara huu ni kuwashawishi juu ya jambo moja. Mnyama anayefichwa na ukaguzi wa kuvamia ni ndugu wa tumbo moja. Mpangaji huficha kwa sababu huvamiwa, na mwenye nyumba huvamia kwa sababu anajua anafichwa. Anayeumia kwanza ni mnyama, na anayefuata mara nyingi ni mtoto. Nitaleta hoja nne. Ya pili itakuwa ndefu kuliko nyingine, kwa kuwa ndiyo iliyonileta hapa.

Hoja ya kwanza: aliyepangisha nyumba ameuza manfaa yake

Tuanze na swali ambalo watu wengi hawajiulizi. Mwenye nyumba anapopokea kodi ya mwezi, ameuza nini? Hakuuza kuta, kwani mwezi ukiisha kuta ni zake. Hakuuza kiwanja, na wengi wetu hapa Mombasa tunajua kuwa mwenye nyumba huenda hata kiwanja si chake, ana nyumba tu juu ya ardhi ya mtu mwingine. Katika fiqhi, kupangisha huitwa ijara, na wanazuoni huieleza kuwa ni kuuza manfaa ya kitu kwa muda unaojulikana na kwa malipo yanayojulikana, huku kitu chenyewe kikibaki mali ya mwenyewe. Manfaa ya nyumba ni kulala, kupika, kuoga, kulea, na kufunga mlango. Hayo yote mwenye nyumba ameshayauza. Kwa muda wa mkataba, chumba kile kwake ni nyumba ya watu.

Na nyumba ya watu ina adabu yake. Sura ya An-Nur, aya ya 27, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka watake idhini na kuwasalimu waliomo, na aya inayofuata inasema ukiambiwa rudi, rudi. Sisi watu wa pwani tumeifanya amri hiyo kuwa desturi ya kila siku, Mwislamu na asiye Mwislamu, kwa neno moja: hodi. Unapiga hodi mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usipoitikiwa, unakwenda zako. Hata mama mzazi akienda kwa mwanawe aliyeoa hupiga hodi. Nimeona wenye nyumba, watu wazima wenye heshima zao, ambao kwa jirani wanasimama nje ya baraza na kuita kwa upole, lakini kwa mpangaji wao wanatumbukiza ufunguo kwenye kitasa bila neno.

Sheria ya nchi haiko mbali na desturi hiyo. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 65, huchukulia kwamba katika kila mkataba wa kupanga, mwenye nyumba ameahidi kumwacha mpangaji akae kwa utulivu bila kusumbuliwa, maadamu analipa kodi na kutimiza masharti. Kifungu hicho hicho kinampa mwenye nyumba haki ya kuingia, yeye mwenyewe au wakala wake, ili akague hali ya jengo au alitengeneze. Lakini aingie wakati unaofaa, na asiingilie bila sababu matumizi ya mpangaji. Juu ya sheria hiyo imesimama Katiba ya mwaka 2010, ambayo Ibara yake ya 31 inalinda faragha ya kila mtu, ikiwemo kutopekuliwa nyumbani kwake. Soma maneno hayo mawili pamoja, kukagua na kupekua, na utaona mpaka ulipo. Paa hukaguliwa. Bomba, nyaya za umeme, mabati yaliyoliwa na chumvi ya bahari, unyevu unaopanda ukutani wakati wa masika, yote hayo hukaguliwa. Kabati la nguo halikaguliwi. Wala haikaguliwi sufuria, wala chini ya kitanda. Katika miaka yangu kumi na tisa sikukuta hata bomba moja lililopita chini ya mto wa kulalia.

Ndugu zangu wenye nyumba, najua mnalotaka kuniuliza: kama mpangaji amefuga mbwa mkubwa ndani ya bedsita, nitajuaje nisipoingia? Utajua, na nitaeleza jinsi gani. Nipeni subira kidogo.

Hoja ya pili: marufuku ya jumla haimtoi mnyama ndani ya nyumba, humficha tu

Hapa naomba niwasimulie jambo langu mwenyewe.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili, mimi, mke wangu na binti yetu aliyekuwa na miaka saba. Nyumba ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani choo, bafu na jiko la wote. Mwenye nyumba alitwambia siku ya kwanza, kwa mdomo, kwamba hataki mnyama. Hakusema mnyama gani, wala kwa nini, na sisi hatukuuliza. Tulikuwa tumeshalipa kodi na dipoziti, na mtu aliyelipa dipoziti haulizi maswali mengi.

Mwaka wa pili binti yangu alirudi na mtoto wa paka aliyemwokota karibu na soko la samaki. Alikuwa mwembamba kama kamba. Tulisema atakaa usiku mmoja. Mnajua wenyewe usiku mmoja wa mtoto wa paka unavyokuwa. Akakaa miaka mitatu.

Mwenye nyumba alikuwa akija Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, asubuhi, kuchukua kodi, na baada ya kuhesabu pesa huzunguka vyumba. Siku hiyo tulimtia paka katika kapu la ukindu, tukafunika kwa leso, na binti yangu akalipeleka kwa jirani wa nyumba ya tatu, kana kwamba ametumwa unga. Mtoto wa miaka minane, tisa, kumi, kila mwezi tulimfundisha kusema uwongo na kutembea taratibu ili kapu lisilie. Jambo hilo linaniuma mpaka leo kuliko yaliyofuata.

Siku moja mwenye nyumba alikuja Alhamisi. Hakupiga hodi. Mke wangu alikuwa bafuni. Binti yangu alimsikia sauti ukumbini, akamkamata paka, akaruka naye dirishani, akamtia mikononi mwa mwana wa jirani aliyekuwa akicheza nje, mvulana wa miaka sita. Paka alikuwa amebanwa na amepigwa na hofu. Akamuuma yule mtoto kidole gumba na kumpapura mkono mzima.

Zahanati waliuliza swali moja kabla ya yote: paka huyu amechanjwa? Hakuwa amechanjwa. Kwa miaka mitatu hatukuthubutu kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Kampeni ya chanjo ilikuwa imepita mtaani kwetu mara moja, watu wamepanga foleni barabarani na mbwa na paka wao, nasi tulifunga dirisha. Tungejitokezaje hadharani na mnyama ambaye rasmi hayupo?

Mvulana alichomwa sindano mfululizo. Paka tulimfunga siku kumi chini ya uangalizi, kama daktari alivyoagiza, kwa sababu mnyama ambaye kichaa cha mbwa kimeshafika mateni mwake haishi zaidi ya muda huo bila kuonyesha dalili. Siku kumi hizo mama wa mtoto hakulala, na mimi sikulala. Paka alitoka mzima, na mtoto alitoka mzima. Sisi tulipewa notisi, tukahama.

Nimewaeleza haya kwa sababu ya jambo lililomo ndani yake. Nyumba ile ilikuwa na marufuku kamili ya wanyama, na paka alikaa humo miaka mitatu. Marufuku haikumzuia paka kuingia. Iliizuia chanjo kuingia.

Na chanjo si jambo dogo. Kichaa cha mbwa kiliripotiwa Kenya mwaka 1912, kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi, na hakijatuacha tangu hapo. Dalili zikishamtokea binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, vingi vikiwa Afrika na Asia, na karibu watu wote hao wanaambukizwa na mbwa. Katika kila kumi wanaokufa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Serikali yetu ilitangaza mwaka 2014 mpango wa kukimaliza kichaa kinachotoka kwa mbwa ifikapo 2030, na nguzo ya mpango huo ni kuchanja mbwa asilimia 70. Wataalamu wanasema kiwango hicho kikidumishwa mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Sasa fikiria ploti yenye milango 24 Mikindani au Kisauni, ambamo mbwa watatu na paka sita wamefichwa. Hao hawamo katika hesabu ya mtu yeyote. Dakika mwenye nyumba anapobandika ukutani HAKUNA WANYAMA na kudhani amemaliza kazi, ameweka pengo katika ile asilimia 70.

(Naomba nitoke kidogo nje ya njia, kwa ajili ya wazazi. Mtoto akiumwa na mbwa au paka, hata kama jeraha ni dogo, lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa. Kisha hospitali siku hiyo hiyo. Msipake jivu, msipake kahawa, msingoje kuona kama litavimba. Tuendelee.)

Nchi nyingine zimelifikia jambo hili kwa njia zao. Ufaransa, tangu sheria ya Julai 1970, sharti la mkataba linalomkataza mpangaji kufuga mnyama wa nyumbani halina nguvu, ila mnyama asiharibu jengo wala asiwaondolee majirani utulivu, na mbwa wa aina zilizotajwa kuwa hatari wanaweza kukatazwa. Ujerumani, mahakama kuu ya madai iliamua mwaka 2013 kwamba mwenye nyumba hawezi kuweka katika mkataba wa kuchapishwa marufuku ya mbwa na paka wote kwa jumla, bila kutazama kila hali peke yake. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi za upangaji zina mizizi, imempa mpangaji kwa sheria ya mwaka 2025 haki ya kuomba kwa maandishi afuge mnyama. Mwenye nyumba ana siku 28 za kujibu, na hawezi kukataa bila sababu ya maana. Siwataki mchukue sheria hizo kama nguo ya mtumba na kuivaa ilivyo. Watu wa kule hawakai sita katika ukumbi mmoja wenye choo kimoja. Ninachotaka mkione ni kwamba wote hao wameacha kuuliza kama mnyama awepo, wakaanza kuuliza awepo vipi.

Hoja ya tatu: hofu za mwenye nyumba ni za kweli

Mzee wangu aliyekaa pale karibu na nguzo ametikisa kichwa tangu nilipoanza. Sehemu hii ni yake.

Nimekagua nyumba baada ya mpangaji kuhama na paka dume wake. Sakafu ya saruji isiyo na vigae hunyonya mkojo, na harufu hubaki hata ukipiga deki wiki nzima. Wengine humwagia jiki. Msifanye hivyo, kwa sababu jiki ikichanganyika na mkojo hutoa hewa inayochoma mapafu. Anza na maji mengi, kisha siki, na mara nyingine itakubidi kuparua saruji ya juu na kulainisha upya. Nimeona milango ya mbao iliyoparurwa mpaka ikabaki nyuzi. Nimeona uani wa nyumba ya vyumba sita ambao mpangaji mmoja aliugeuza banda la kuku thelathini, na wapangaji watano wengine wakawa wanapita kwa kunyanyua kanga zao. Hasara hizo zote alibeba mwenye nyumba, maana dipoziti ya mwezi mmoja haikufika popote.

Sehemu kubwa ya hasara hiyo inazuilika kwa mambo yanayojulikana. Paka dume akihasiwa mapema, mara nyingi huacha kabisa kunyunyiza kuta. Paka jike hubeba mimba kwa muda wa miezi miwili tu, na anaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Asipofungwa kizazi, mpangaji aliyeomba paka mmoja atakuwa na ukoo mzima kabla mkataba haujaisha. Lakini daktari wa mifugo hawezi kumfanyia lolote mnyama asiyeletwa kwake. Tunarudi pale pale.

Jambo la mbwa ni zito zaidi, na hapa mjini kwetu haifai kulizunguka. Wengi wa wenye nyumba wa kisiwani ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Katika madhehebu hayo najisi ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichoramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mwenye nyumba anayesali, ambaye mwanawe huenda akahamia chumba hicho mwaka ujao, hakatai mbwa kwa ukaidi. Upande wa pili yuko mpangaji kutoka bara, ambaye amekulia kwenye boma lenye mbwa wawili mlangoni. Kwake mbwa ni mlinzi na mwenzi. Hajui kwa nini mwenye nyumba amebadilika uso. Nimewapatanisha watu wa namna hii zaidi ya mara kumi, na kila mara niliona kitu kimoja: hakuna aliyemweleza mwenzake sababu yake. Mmoja alisema sitaki, mwingine akasikia nakudharau.

Mashekhe waliomo humu wanajua kwamba dini imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wengi wamemwingiza hapo mbwa wa kulinda. Kwa hiyo hata kwa mwenye nyumba mcha Mungu kuna njia ya mazungumzo: mbwa akae nje, kwenye banda lake, asipite ukumbini wanamopita watu kwenda msalani, asifungwe karibu na mfereji wa udhu. Na kama nyumba haina nje, kama ni ukumbi mmoja wa watu sita, basi mwenye nyumba akikataa mbwa amekataa kwa haki, na mpangaji atafute nyumba nyingine kabla ya kulipa. Nalisema hili waziwazi ili wapangaji wenzangu wasidhani nimekuja kuwapa ruhusa ya kufuga chochote popote. Mbwa aliyefungwa mchana kutwa ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, akibweka mpaka bwana wake arudi kazini saa mbili usiku, anateseka, na ukatili kwa mnyama ni kosa la jinai katika nchi hii chini ya Sura ya 360 ya Sheria za Kenya.

Kabla sijaiacha hoja hii, kuna paka wa mtaani, ambaye sheria zote nilizozitaja hazimjui. Mombasa na Lamu kila nyumba ina paka asiye na mwenyewe. Mama wa chumba cha kwanza humtupia kichwa cha changu, kijana wa chumba cha nne humpa maziwa, na jioni hulala barazani. Mwenye nyumba akiuliza paka ni wa nani, wote husema si wangu, na wote wanasema kweli. Paka wa namna hii anawakinga watu na panya, na hiyo ni faida ya mwenye nyumba pia. Kwa huyo ningependekeza mwenye nyumba aonyeshe ukubwa wake: awe ni wa nyumba. Aandikwe kama ni mali ya nyumba, achanjwe mara moja kwa mwaka, na gharama igawanywe kwa milango. Nimeifanya nyumbani kwangu. Anaitwa Shume, ana cheti cha chanjo, na wapangaji wangu wanne hugawana gharama ile nami.

Hoja ya nne: iandikwe siku ya ufunguo

Sasa nifikie swali mliloniuliza mwanzo, mtajuaje. Mtajua kwa sababu mtaambiwa, na mtaambiwa mkiwa mmeuliza kabla. Siku ya kukabidhiana funguo ndiyo siku ambayo kila upande una shida na mwenzake, na mtu mwenye shida husikiliza.

Ninachopendekeza ni karatasi moja ya ziada, ibandikwe kwenye mkataba. Iseme mnyama ni wa aina gani, ni mmoja au wangapi, amechanjwa lini, amehasiwa au la, na atakaa wapi mchana na usiku. Iseme nani atamlisha mpangaji akisafiri, maana nimewahi kufungua chumba baada ya Krismasi na kumkuta paka aliyefungiwa siku tisa. Alipona, lakini sitaki mtu mwingine akione nilichokiona. Kisha muingie chumbani pamoja, mwenye nyumba na mpangaji, mpige picha kwa simu: sakafu, milango, pembe za kuta, uani. Kila mmoja abaki na nakala yenye tarehe. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida, na picha hizo ndizo zitakazosema siku ya kuhama kipi ni uchakavu na kipi ni kucha za paka. Mkikubaliana juu ya dipoziti ya nyongeza kwa ajili ya mnyama, iandikwe ni kiasi gani na itarudishwa lini. Pesa isiyoandikwa ndiyo iliyonitafutia maadui wengi katika kazi yangu.

Na ukaguzi uandikwe katika karatasi hiyo hiyo. Ni kila baada ya miezi mingapi, notisi ni ya siku ngapi, kwa ujumbe wa simu ambao kila mtu anao, saa zipi, nani atakuja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1985 huweka saa 24 kwa maandishi. Mimi kwangu natoa siku tatu, kwa sababu nina wapangaji wauguzi wanaolala mchana, na mke wa mtu anahitaji kujua lini avae buibui ndani ya nyumba yake. Mambo ya dharura, bomba limepasuka, moshi unatoka, hayangoji notisi, na hakuna mpangaji mwenye akili atakayelalamika. Siku ya ukaguzi tazameni jengo. Mkimkuta paka aliyeandikwa amelala kwenye mkeka, ulizeni cheti cha chanjo kama mnavyouliza stakabadhi ya umeme, kisha mwendelee na paa.

Keyateka wa ploti, nawe nakuomba jambo. Wewe ndiye ambaye mwenye nyumba hukutuma uchungulie. Usikubali kazi ya kuchungulia. Nilipokuwa wakala niliacha kuwatuma watu kuchungulia, na nyumba nilizozisimamia hazikuharibika zaidi. Wapangaji walianza kuniletea habari wenyewe: bomba limelegea, bati limetoboka, Mama Fulani ameleta mbwa, tufanyeje. Nilikuwa najua mengi zaidi nikiwa mlangoni kuliko nilivyojua nikiwa chumbani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia kwa mambo ya kufanywa kuanzia kesho. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kimataifa ya kupambana na kichaa cha mbwa, na kaunti nyingi huitumia kutoa chanjo. Nimezungumza na wenye nyumba wanane, watatu kati yao wako humu, na wamekubali kwamba mwaka huu daktari wa mifugo aingie ndani ya ploti zao na wapangaji wamlete kila mnyama bila kuulizwa tangu lini yupo. Wapangaji wa ploti hizo wameahidiwa kwa maandishi kwamba hakuna atakayepewa notisi kwa sababu ya mnyama atakayeonekana siku hiyo. Kitakachofuata ni kujaza karatasi. Nataka ifikapo mwaka ujao wawe themanini, kutoka Likoni mpaka Mtopanga, na nataka kaunti ipokee majina ya ploti hizo ili timu za chanjo zijue mlango gani ubishwe.

Nakala za ile karatasi ziko kwenye meza karibu na mlango. Wakili mmoja aliisoma akanisahihisha mahali pawili, nami namshukuru. Chukueni mbili mbili, moja ya kwenu na moja ya upande wa pili. Mzee wangu wa pale kwenye nguzo amenyanyua mkono, na kwa ruhusa ya Mwenyekiti ningependa swali la kwanza liwe lake.